Hisa za Marehemu Gulam

Bi Taslim alikaa mlangoni mwa duka la vipuri vya simu la mwanawe Irfan, pale Soweto, Mbeya. Alikuwa amekuja kutoka Iringa kumsalimia. Saa kumi na nusu jioni, soko la hisa la Marekani lilipofunguliwa, akatazama simu yake, akapiga kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

"Dola mia mbili sitini na moja kila hisa! Irfan, unaona?"

Irfan alikuwa anaona.

Hisa mia moja za kampuni ya chipu za kompyuta, marehemu baba yake Gulam alizinunua kwa akiba ya ufundi redio, akamwachia azitunze kwa sharti moja: zisiuzwe maadamu mama yu hai. Irfan hakuuza. Aliuza ahadi tu. Kila mwezi mnunuzi asiyemjua alimlipa dola sitini, apate haki ya kuzichukua kwa dola mia mbili kila moja kabla ya tarehe fulani. Bei isipofika hapo, tarehe inapita, sitini zinabaki; ikivuka, hisa zinakwenda. Miezi kumi na minne haikufika, na haba na haba Irfan akalipia kodi ya fremu. Ujanja mwingi, mbele kiza.

Tena mwaka jana Saulo, mkulima wa Ubaruku, aliuza mpunga ungali mbichi shambani, bei ikaja kupanda maradufu. Irfan alimcheka hadi akashika mbavu. Mkuki kwa nguruwe!

Ahadi ya mwezi huu inaisha Ijumaa, na leo ni Jumatano. Kujikomboa, yaani kuinunua tena ahadi hiyo, kunataka dola elfu sita na ushei. Duka lote, na rafu zake, halifiki nusu.

"Mia mbili sitini na tatu!"

"Mama, weka simu, unywe chai."

"Chai itasubiri." Kisha akashusha sauti. "Baba zako wadogo wanasema, kwa bei hiyo lazima umeshauza. Nimewakatalia. Hujauza, eti?"

Irfan alitazama mlango. Mama alikuwa ameujaza.

"Sijauza, Mama."

Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliobakiza siku mbili, na aibu ilimchoma vilevile.

Bi Taslim akambusu mkono, machozi yakimlenga. Akabonyeza simu, akaweka spika.

"Wote wako Iringa, nyumbani kwangu. Sema tena, mwanangu, wakusikie."

Simu ikapokelewa.