Nyaya Nyeusi Tupu

Wiki ya tano tangu tumzike mdogo wangu, mkewe alinipigia simu. Pikapu aliyoiacha marehemu ilikuwa haichaji betri. Kesho yake alfajiri alitakiwa kusambaza mikate kwenye maduka kumi na manane, na mwenye tanuri alishamwambia wazi: ikikwama tena, kazi anapewa mwingine.

"Shemeji, uje leo. Usiniambie habari za kesho."

Nilikwenda na mita ya kupimia umeme, koleo na alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, niliyoitoa kwenye gari bovu. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote. Tangu msibani watu walinipa pole nami nikazipokea kama mtu anayepokea risiti.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, regyuleta yake bado iko nje, kisanduku cha bati kwenye miguu ya mpira kando ya injini. Ndicho kinachozuia alteneta isisukume umeme kupita kiasi. Nyaya ni chache, lakini ukizichanganya unachoma. Ndiyo maana sisi mafundi tunatumia rangi.

Mdogo wangu alifunga nyeusi tupu.

"Uvivu huu," nikasema.

Shemeji alikuwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi. "Marehemu unamgombeza hata leo?"

"Simgombezi. Namwambia."

"Basi paza sauti, pengine atajibu."

Nilipoufuata waya wa kwanza kwa vidole, nilikuta uzi wa kushonea magunia umefungwa juu yake, fundo moja. Wa pili, mafundo mawili. Wa tatu, matatu. Ncha za upande wa pili zilikuwa na idadi hiyohiyo.

"Hivi ni vitu gani?"

"Alama zake. Kwani hukujua? Alikuwa hatofautishi nyekundu na kijani. Unajua aliniletea nyanya mbichi mara ngapi?"

Miaka tisa nyuma aliunguza nyaya za lori la mteja pale karakanani kwangu. Waya mwekundu aliupeleka kwa wa kijani. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba hata punda angeona, nikamfukuza. Ndipo akaanza kusambaza mikate.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mara alisema utamcheka. Mara alisema utamwonea huruma. Sijui kipi alikiogopa zaidi."

Nilisubiri kitu kinipande kifuani. Hakikupanda. Nikaendelea na kazi.

Nilifunga alteneta, fundo kwa fundo, nikaifungua regyuleta, nikaisafisha, nikairudisha. Ukabaki waya mfupi usio na fundo. Nikaona ni masalio, nikautupa chini. Nikawasha injini. Mita ikapanda volti kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Nikazima haraka kabla betri haijachemka. Nikakagua upya, kila fundo lilikuwa mahali pake.

Shemeji akaja na kisu chake mkononi. "Ule mfupi uko wapi?"

"Upi?"

"Usio na fundo. Unatoka kwenye kisanduku unaingia kwenye bodi ya gari. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Alisema huo hauhitaji alama, mjinga tu ndiye anayeweza kuusahau."

Niliuokota, nikaufunga. Bila huo, kisanduku kilichokaa juu ya mpira hakigusani na bodi ya gari, umeme hauna njia ya kurudi, nacho hakizuii kitu. Nikawasha tena. Kumi na nne nukta mbili, kiwango kinachotakiwa. Nikakanyaga mafuta, nikawasha taa zote. Mita haikutikisika.

"Kesho itachaji?"

"Itachaji."

"Mpaka duka la mwisho?"

"Mpaka la mwisho."

Akashusha pumzi. Nikaona ni lazima niseme. "Lile kosa la lori ndilo nililomfukuzia."

"Najua, shemeji. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akalala na viatu."

"Kesho nije nikusaidie kusambaza?"

"Maduka unayajua?"

"Siyajui."

"Basi utanichelewesha," alisema, akarudi kwenye viazi vyake.