Simba wa Mtani Yotham

Vita vilikuwa nchi ya jirani, lakini vichekesho vyake vilitengenezwa hapa kwetu Makutupora, kwenye kilabu cha pombe, na fundi wake alikuwa Yotham. Askari wetu walikuwa simba, maadui panya. Kila jioni alituma kwenye kundi la WhatsApp picha ya simba mwenye kofia ya jeshi, mikia ya panya ikining'inia mdomoni, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilicheka na mimi, sikatai.

Lameck, mtoto wa dada yangu Restuta, alikuwa askari, ila hakuwemo kwenye orodha ya waliopelekwa. Alikuja likizo kumsaidia mama yake kuvuna zabibu. Siku ya kwanza tu Yotham akamletea fungu la majani mbele za watu.

"Kula, kondoo. Nyama tumewaachia simba."

Kesho yake akaleta tena, na keshokutwa. Ukoo wa Yotham na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi, kwa hiyo Lameck alitabasamu akameza uchungu wake. Wiki haijaisha akakatisha likizo, akaenda kuomba apelekwe vitani.

Miezi mitatu baadaye alirudi kwenye jeneza lenye bendera.

Wanajeshi walimzika kwa heshima zote. Walipomaliza kupiga risasi hewani ikawa zamu ya watani. Kwetu mtani humwigiza marehemu na kuchekesha watu mpaka wafiwa wampe kuku; akishapewa, hunyamaza. Asipopewa hana ruhusa ya kuacha, na anayekimbia, mkosi humfuata hadi kwa wajukuu. Kuku nilikuwa nimemshika mimi.

Yotham alivaa koti la marehemu, akaanza kuzunguka kaburi kwa magoti na mikono, akinguruma. "Simba wa Restuta huyu! Panya wamekoma!" Watu walicheka, hata wanajeshi wawili. Nikainuka nimpe kuku wake. Dada akanivuta gauni.

"Kaa."

Alizunguka mara ya pili, ya tano, ya kumi. Kicheko kiliisha. Jua la saa saba lilikuwa kali, magoti yake yakaanza kuchubuka, udongo mwekundu ukamjaa mdomoni. Mzee wa kanisa alimnong'oneza dada kwamba inatosha. Dada hakugeuka hata kumtazama.

"Dada Restuta," Yotham alisema, sauti imemkauka, "nipe basi kuku wangu."

"Nguruma, mtani. Mimi sijacheka bado."

Akanguruma, ikatoka kama kikohozi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Ndipo dada aliposema polepole, kila mtu asikie:

"Afisa wao amenieleza. Risasi zilimvunja miguu yote miwili. Alitambaa siku mbili kwenye matope, anaita mama, kabla wenzake hawajamwokota. Wewe hujamaliza hata saa."

Yotham alianguka kifudifudi juu ya kaburi. Baada ya kitambo akajiinua kwa viwiko, akaendelea kutambaa. Kuku alifurukuta mkononi mwangu. Ningemwachia tu, mambo yangekwisha, na msiba mzima ungenishukuru. Nilimbana mabawa, nikaendelea kutazama, na naona aibu kulisema hili: niliona raha.