Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Kathuri wa Kinoru alijulikana kwa vitu viwili: Probox yake nyeupe na mdomo wake. Akiwa barabarani mkono haukubanduka kwenye honi, na aliyemkatia njia alitukanwa yeye na ukoo wake. Siku hiyo ya soko mdomo ulikuwa umefungwa. Kiti cha nyuma aliketi Igoki, mama mkwe wake, ambaye Kathuri alikuwa amemchukua kwake Gachoka kabla jua halijachomoza.

Kati ya mtu na mama mkwe kuna heshima yake. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na neno chafu likimponyoka mkwe, anatoa mbuzi na aibu inabaki. Hata mazungumzo yalipitia kwa Ruguru, mkewe Kathuri, aliyekaa mbele.

Igoki alikuwa anaenda kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto liliona watu kama moshi. Daktari wa macho alikuja Meru mara moja kwa miezi minne. Safari iliyopita Igoki aliletwa na kijana wake Munene, aliyeingia mjini kama anayefukuzwa, akigombana na kila gari. Nesi alipompima, presha ilikuwa juu mno, akarudishwa nyumbani bila kuguswa. Basi mara hii mambo yalikuwa mawili: afike kabla ya saa tano, na afike moyo umetulia.

Saa nne na robo walikwama karibu na soko la Gakoromone. Mbele yao lori la kabichi lilikuwa limeziba barabara likitafuta pa kugeukia. Nyuma yao honi zilikuwa zinalia kama harusi.

"Ruguru," Igoki akasema, akimtaja mkwewe kwa jina la mtoto wake, "muulize baba Kajuju kama tumefika."

"Mama anauliza kama tumefika."

"Mwambie bado kidogo."

"Mwambie nimesikia."

Kathuri alikuwa ameacha nafasi mbele ya gari lake. Bodaboda moja ikapita hapo, ikaja nyingine, halafu mama mmoja na gunia la viazi.

"Hiyo nafasi unamwekea nani?" Ruguru akanong'ona.

"Breki. Nikimkaribia mtu nitaifunga ghafla, na mama atarushwa."

Saa ilikuwa inaenda. Igoki akakohoa.

"Kitendawili."

"Tega," Ruguru akajibu.

"Watoto wangu ni wanne. Wawili wanafukuza wenzao asubuhi mpaka jioni, na hawajawahi kuwashika."

"Ni mbuzi?"

"Mbuzi gani hao? Nipe mji."

"Nakupa Embu."

"Embu nimepita leo asubuhi, sikuona cha kunishika."

"Chukua Timau."

"Na hii baridi yao? Haya, nimekubali. Ni magurudumu ya gari."

Kathuri alikuwa amelijua jibu tangu mwanzo, lakini hakuulizwa yeye. Aliuma mdomo ili asicheke.

Hapo ndipo bodaboda ilipojipenyeza upande wake ikang'oa kioo cha pembeni. Mwendeshaji akageuka. "Mzee, hii gari unaendesha ama umeegesha?"

Siku nyingine Kathuri angeshuka, ashike kola, watu wajae, na saa nzima iishie hapo. Maneno yalishafika kooni. Alitupa jicho kwenye kioo cha ndani. Igoki alikuwa amejifunika leso kichwani, masikio na yote.

"Mama amelala," Ruguru akasema.

Hakuna anayelala haraka hivyo. Kathuri akaelewa kwamba amepewa ruhusa ya kutukana. Akateremsha dirisha. Lakini aliona pia mikono ya Igoki magotini, jinsi ilivyolibana pindo la leso.

"Umeumia?" akamuuliza mwendeshaji.

Yule alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine. "Hapana."

"Pita pole pole, basi. Kuna mama na viazi hapo mbele."

Bodaboda ikaondoka. Dereva wa lori, aliyekuwa akiwatazama, akatoa mkono nje na kuonyesha ile nafasi. Kathuri akarudi nyuma kidogo kuipanua, lori likapata pa kuzungushia kichwa, na barabara ikafunguka.

Walifika kliniki saa tano kasoro dakika nane. Nesi Gatakaa akamfunga Igoki kitambaa cha presha mkononi na kusubiri mashine. Kathuri alisimama mlangoni, kwa sababu benchi lilikuwa moja, na mkwe haketi na mama mkwe.

"Presha ya huyu ni nzuri kuliko yangu," nesi akasema. "Aingie."

Igoki akashikwa mkono na binti yake, wakaingia, mlango ukafungwa.

Kathuri alirudi kwenye gari, akapandisha vioo vyote, akaanza kuyatoa matusi yaliyomjaa tangu asubuhi, akianza na jamaa mmoja aliyemkatia njia kule Chuka. Mlinzi wa lango aliona mdomo unaenda na macho yamefumbwa. Akadhani mtu huyo anamwombea mgonjwa wake, akavua kofia.