Mkono wa Kushoto wa Wageni

Mwandishi alikuwa jikoni anamenya viazi wakati mwanajeshi mstaafu wa sura ya pili ya kitabu chake alipobisha hodi. Mama mkwe akamfungulia, akamwonyesha pa kuweka viatu. Baadaye kidogo akaja bibi harusi wa sura ya nne, kisha mwizi wa ng'ombe. Mama mkwe akaongeza maji kwenye birika, huku akinung'unika kwamba watu wa vitabuni siku hizi hawatoi hata taarifa.

Tatizo lilikuwa mikono. Kila mmoja alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, lililochongoka kama ncha ya pasi. Mwandishi hakuwa ameandika kovu hata moja. Miaka yote alijitapa kwamba haandiki habari zake mwenyewe. Ndiyo maana alichagua wanajeshi na wezi, watu wasiofanana naye kwa lolote. Akavuta chini mkono wa gauni lake, kama alivyozoea tangu mumewe alipomchoma kwa pasi kwa sababu ya kola iliyokunjamana.

Mume akarudi kutoka kazini, akawasalimia wageni mmoja mmoja, akaona.

"Umewaandikaje hawa?"

"Wazima. Wamekuja hivyo wenyewe."

"Kitabu kinakwenda kuchapwa kesho. Futa hayo makovu."

"Wavalishe mikono mirefu tu, mwanangu," mama mkwe akamwambia mwandishi kwa upole. "Watu watasema."

"Waseme, mama."

Hasira ilimpanda mwandishi, na safari hii hakuimeza. Akachukua mkasi wa jikoni, akaukata mkono wa gauni kuanzia begani, akaketi katikati ya wageni. Bibi harusi akalitazama kovu lake, akalitazama la mwandishi, akasema yamelingana. Mwizi wa ng'ombe akamsogezea kikombe.

Mwandishi akavuta karatasi, akaongeza mume kwenye sura ya mwisho. Chai haijapoa, mume huyo naye akabisha hodi. Mkono wake ulikuwa laini, hauna alama yoyote.

"Karibu, baba," mama mkwe akasema, akampisha kiti chake. Mume wa mwandishi akasogea, na hao wawili wakaanza kuzungumza habari za kazi, wanacheka.

Wageni wengine hawakuinuka kumpa mkono. Mhusika huyo alikuwa bado hana jina. Mwandishi akampa la mumewe, kamili, mpaka la ukoo.