Jina Lililozuiwa Redioni

Nina watu wengi wa kuwashukuru, na mmojawapo ni serikali ya Mwingereza, ingawa yenyewe haikukusudia kunitendea wema.

Mume wangu Matano alikuwa msomaji, tena si wa kujisomea peke yake. Kila Ijumaa baada ya sala alikaa kwenye baraza ya duka la Mwero, hapa Msambweni, akawasomea watu gazeti kuanzia habari ya kwanza hadi matangazo ya baiskeli. Wakata miwa walitoka Ramisi kwa miguu kuja kumsikiliza. Nami nikimwita aje ale, haitiki. Naita, naita tena, wali unapoa, bwana yuko Misri na wakubwa wa huko. Nilikuwa nikiwaambia mashoga zangu kwamba mimi ni mke wa pili, bi mkubwa ni gazeti.

Ilipokuja hali ya hatari, gazeti lile likapigwa marufuku. Mwenye kujipenda angenyamaza. Matano alichukua toleo la zamani akalisoma upya, na Ijumaa iliyofuata akalisoma tena, na watu wakaja vilevile kusikiliza habari walizokwisha kuzihifadhi. Hilo ndilo lililowaudhi wakubwa. Walimchukua wakampeleka kisiwani, mbali huko kaskazini.

Mwaka wa pili Karisa, aliyefungiwa naye, aliachiliwa, akapita kwangu.

"Mumeo mzima wa mwili," aliniambia, "ila amekata tamaa. Barua hazimfikii. Anasema aliwapa watu macho yake, nao wamemsahau. Sasa hata kuzungumza hazungumzi."

"Hakuna njia ya kumpelekea neno?"

"Njia gani, dada yangu? Huko kuna redio tu. Kila Jumamosi jioni hutukalisha tuisikilize, eti tupate adabu."

Nilimshukuru kwa neno hilo kuliko kwa sukari aliyoniletea. Maana kikundi chetu cha ngoma kilikuwa kimealikwa Mombasa kuimba redioni, siku ya Jumamosi, nami mwimbishaji nilikuwa nimekataa kwa sababu sipendi kuamrishwa. Nikameza kiburi changu, nikakubali.

Tuliuchagua wimbo wetu wa mavuno. Mwimbishaji huita jina la mtu aliyewafaa wenzake, na wote hujibu, "Ahsante!" Nilipanga kumwita Chirau aliyetuchimbia kisima, Jumwa mkunga, kisha Matano. Akisikia jina lake likishukuriwa, atajua hakusahauliwa.

Lakini redioni huimbi kitu kisichosikilizwa kwanza. Mkaguzi alikuwa Mzungu mmoja mpole, anayejua Kiswahili kuliko baadhi ya majirani zangu. Tulipofika kwa Matano akainua kidole.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu, Bwana."

Alimjua. Niliona usoni mwake kwamba alimjua. "Jina hilo lisitoke hewani, mama. Likitoka nitazima, na kikundi chenu hakitaimba hapa tena." Wala hakupaza sauti.

Mwanarusi, mpiga ngoma wetu, alininong'oneza niweke jina la Mwero mwenye duka, yaishe. Nikakubali kwa kichwa, moyo ukiniuma. Taa nyekundu ikawaka. Nikamwita Chirau, ahsante! Nikamwita Jumwa, ahsante! Zamu ya tatu ikafika, nikafungua kinywa nimwite Mwero, na Mungu ni shahidi, Mwero hakutoka. Ngoma ikadunda peke yake. Na wenzangu, ambao wangejibu hata wakiwa usingizini, wakajibu kwa nguvu kupita mara zote, "Ahsante!"

Nyuma ya kioo nilimwona mkaguzi akiinuka. Kombe, mtangazaji, alikuwa na mkono juu ya swichi, lakini hakuibonyeza. Alikuja kunisimulia baadaye alivyomwambia: "Bwana, hakuna jina lililotoka." Mkaguzi akafikiri, akaketi. Kombe, popote ulipo, Mungu akuzidishie.

Huku nyumbani watu walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya serikali, nje ya ofisi ya chifu. Kimya kile walikijaza wao. "Matano!" walipiga kelele, wazee kwa watoto. Chifu akashikwa na kikohozi, hakikumwacha hadi wimbo ulipokwisha. Namshukuru kwa kikohozi kile.

Ila mimi sikuimba kwa ajili ya Msambweni. Kila usiku nilijiuliza kama kule kisiwani alisikia kitu chochote, au alisikia watu wengine tu wakishukuriwa na mkewe. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwamba labda nimemtonesha kidonda.

Alirudi mwaka wa hamsini na nane, amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Nilimpikia wali, nikakaa mbele yake, nikaogopa kuuliza. Kisha nikauliza.

"Mliisikia ngoma yetu?"

"Tuliisikia." Akatafuna polepole. "Chirau. Jumwa. Halafu pakawa kimya, mkashukuru. Nikaitika."

"Ukaitika?"

"Naam! Kwa sauti, mbele ya askari. Wenzangu wakashtuka, wakaniuliza, Matano, nani kakwita? Nikawaambia, mke wangu. Ananiita nikale."