Presha Mbili, Kipimo Kimoja

Gari lilizimika juu kabisa ya mlima, mahali wasafiri husimama kutazama bonde, jua likiwa utosini. Lilikohoa mara mbili, kisha kimya. Nilipopiga starta injini iligeuka vizuri lakini haikushika. Kwenye kiti cha nyuma binti yangu Yaimé alikuwa amelala, miguu yake iliyovimba ikiwa mapajani mwa Osmara, muuguzi wa zahanati yetu. Tumbo la Yaimé la miezi minane lilikuwa likipanda na kushuka haraka kuliko nilivyopenda.

"Baba, mbona umesimama?"

"Gari linapumua kidogo, mwanangu."

"Liambie likapumulie Baracoa, hospitalini."

Alitania, ila macho alikuwa ameyafumba. Tangu asubuhi kichwa kilikuwa kikimpasuka na alikuwa akiona vimulimuli. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Guantánamo. Osmara alimpima nyumbani, akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba presha hiyo ikizidi kupanda kitakuja kifafa cha mimba, na hapo tutawapoteza wote wawili.

Nilifungua boneti. Gari langu ni la mwaka hamsini na mbili, la Kimarekani kwa bodi tu. Pampu yake ya petroli ni ya umeme, nimeitoa kwenye gari la kisasa. Ina nguvu kuliko kabureta inavyotaka, kwa hiyo nilifunga mpira wa pili, mwembamba, wa kurudisha petroli ya ziada kwenye tangi. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe. Nimesoma ufundi shule ya jioni nikitoka kiwandani na harufu ya kakao nguoni, na cheti changu kiko ukutani kwenye fremu.

Muuza peremende za nazi wa pale juu, mtu wa makamo aitwaye Chicho, alikuja mbio na chupa ya petroli.

"Mvuke huo, compay, ndugu yangu! Kwa jua hili petroli imechemka kwenye bomba. Gari lina kiu. Linyweshe!"

Sijajibu, keshamimina funda zima kwenye mdomo wa kabureta. "Piga!"

Nikapiga. Ulimi wa moto ukaruka nje ya kabureta. Chicho akaufunika kwa kofia yake na kuukandamiza mpaka ukafa.

"Kofia ya harusi hii," alisema, akitazama tundu jeusi.

Hata mimi nilidhani ni mvuke. Asubuhi nilikuwa nimebana mipira yote ya petroli kwa vibanio vya nguo, kama wafanyavyo madereva wote wa pwani yetu, maana tunaamini mti wa kibanio hunyonya joto. Nikailowesha pampu kwa kitambaa cha maji, nikangoja, nikajaribu tena. Injini haikushika, na sasa starta iligeuka kwa uchovu. Betri ilikuwa imebakiza jaribio moja, labda mawili.

Gari lisilowaka injini ikiwa ya moto ama limekosa petroli, ama limezama ndani yake, na dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu kwa mwingine. Lenye kiu hunyweshwa. Lililozama ukilinywesha unawasha moto, na nyuma kulikuwa na mtu asiyeweza kukimbia. Kutazama plagi hakungenisaidia, kwa sababu funda la Chicho lilikuwa limelowesha kila kitu. Nilihitaji kujua nguvu ya petroli kwenye bomba.

"Osmara, nipe mashine yako ya presha."

"Ya kumpima nani?"

"Gari."

"Mzee Wenceslao, jua limekupanda kichwani? Hii ni ya watu, na mgonjwa wangu huyu hapa!"

"Kabureta inataka kati ya mia mbili na mia mbili sitini kwa namba zako. Mashine yako inafika mia tatu. Inatosha."

"Ikiharibika nitampima na nini, kidole?"

Yaimé alisema bila kufumbua macho, "Mpe, Osmara. Yangu tunajua iko juu. Ya gari hatujui."

Osmara alimpima mara ya mwisho. Namba hakunitajia. Akaivua mashine, akanikabidhi huku akitazama pembeni.

Niliuchomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, nikauunga na mpira wa mashine, nikaishika saa yake ya mshale juu ya kichwa ili hewa ibaki kati yake na petroli. Chicho akafungua swichi bila kupiga starta, pampu ikaanza kulia. Mshale ukapita mia mbili, ukapita mia mbili sitini, ukagonga mwisho wa saa na kukwama pale.

"Zima! Zima!"

"Hili litapata kiharusi," Chicho alisema.

Nikaufuata ule mpira mwembamba wa kurudishia kwa vidole. Joto lilikuwa limeulainisha, na kibanio changu cha nguo kilikuwa kimeuuma mpaka ukabapa kama utepe. Petroli ilikosa njia ya kurudi, ikafurika kwenye injini. Nilivichomoa vibanio vyote nikavitupa bondeni.

"Mteremshe Yaimé, mkae mbali," nilimwambia Osmara.

"Hasimami, mzee. Piga tukiwa humu humu."

Nilirudisha mpira kwenye kabureta, nikachomoa waya wa pampu ili isisukume petroli zaidi, nikakausha kila palipolowa. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga starta. Iligeuka kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Nilikuwa nikinusa, nikingoja moto. Injini ikapiga chafya, ikatema moshi mweusi, ikashika. Chicho akaunga waya huku akipiga kelele, "Nenda! Usilizime hata kwa Papa wa Roma!"

Kwenye mteremko Osmara aliifunga mashine mkononi mwa Yaimé, kisha akaigonga saa yake kwa kucha.

"Nini?"

"Mshale haurudi sifuri. Umelala thelathini."

"Basi toa thelathini."

"Una hakika inakosea hivyo hivyo hadi juu?"

Jambo hilo shule ya jioni haikunifundisha.

"Baba," Yaimé alisema, "nani kawasha taa zote hizi?"

Ilikuwa mchana. Nilichukua kona zile kwa namna ambayo mwanafunzi wa udereva ningempiga kofi.

Hospitalini Baracoa walimpokea kwa machela, wakapita naye mlangoni mbio. Mimi nilibaki uani, injini ikinguruma. Wakisema apelekwe hospitali kubwa ya Guantánamo, nilikuwa nikijiambia, nisije nikashindwa kuliwasha.

"Zima, mzee, moshi unaingia wodini," mlinzi alisema.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nilisogeza gari hadi ukutani, nikabaki na mguu kwenye mafuta. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye boneti Osmara alipotoka, kofia yake ya uuguzi mkononi.

"Wote wawili?" niliuliza.

"Wamempasua. Ni msichana, anaenea kwenye kiganja. Analia, wamemweka kwenye mashine ya joto."

"Na Yaimé?"

"Hajaamka. Presha imeanza kushuka."

"Kwa mashine gani?"

"Yao, mzee. Nzima."

Nilishika ufunguo nilizime. Kisha nikauachia, gari likaendelea kunguruma.