Pronto, Mkwe

Wakarima wa Kawangware, muuza mitumba wa Soko la Toi, alijua Kiitaliano cha simu peke yake. Zamani aliajiriwa nyumbani kwa Waitaliano, kazi yake kupokea simu. Ungemtaka aombe chumvi kwa lugha hiyo, angekutolea macho tu. Lakini Nekoye, aliyemjia pale sokoni kuomba msaada, hakuhitaji chumvi. Bintiye Lavender alikuwa hospitalini huko Italia, akingoja kupasuliwa ili ajifungue, na wa kupiga simu kuleta habari ni mumewe Paolo, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza.

“Akipiga, unasema pronto,” Wakarima alimwambia huku akikunja suruali. “Halafu, Lavender, come sta? Yaani yuko aje. Akisema bene, ujue ni poa.” Akamwongezea na mengine machache ya simu.

“Sawa. Nitamfundisha Baba Lavender. Ni yeye ataongea.”

“Kwani wewe huna mdomo?”

“Niongee na mkwe wangu? Mimi?”

Kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa bintiye hustahiana kwelikweli: hawatazamani usoni, hawapeani mkono. Tangu Paolo aoe, Nekoye hakuwahi kumsemesha hata neno. Wakarima alicheka mpaka akakalia mzigo wa masweta.

“Mama Lavender, si ni simu tu! Hata hakuoni.”

“Na sauti yake si ni yeye?”

Shida ilikuwa Khamala, mumewe. Alikataa katakata kujifunza. Eti utu uzima huu arudi shule! Mzee ana kichwa kigumu huyo, na Nekoye anampenda hivyo hivyo. Mwishowe wakapatana: Khamala atashika simu, ikiwa kwa spika, Nekoye atakaa nyuma ya pazia la kitanda amnong'oneze.

Simu ikaita asubuhi, wakiwa nyumbani kwao, mtaa wa Silanga.

“Pronto!” Khamala alipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bwawa.

Paolo akamwaga maneno.

“Mwambie apunguze mbio,” Nekoye akanong'ona. “Più piano.”

“Piu piano!”

Maneno yakakatika. Paolo akaanza kulia, kwa kwikwi, mwanaume mzima. Khamala akaganda.

“Muulize, come sta.”

“Siwezi,” akasema. “Mama Lavender, hiyo siwezi kuuliza.”

Nekoye aliogopa vibaya sana. Akavuta leso, akajifunika kichwa na uso wote, akatoka nyuma ya pazia na kumpokonya mumewe simu.

“Paolo. Lavender, come sta?”

“Bene, mamma. Bene, bene.” Na nyuma ya sauti yake, mtoto mchanga akalia.

Nekoye akakaa kitandani. Kule Paolo hakuwa amenyamaza. Ni furaha, ni uchovu, ni hofu ya usiku kucha ikimtoka. Nekoye akamwonea huruma nyingi. Alitafuta la kumbembeleza, akapata yale yale ya Wakarima: “Un attimo. Sono qui. Resti in linea.” Subiri kidogo, niko hapa, usikate simu. Kiitaliano kilipomwishia, akaendelea kwa Kibukusu chini ya leso yake, akimwita mwanangu, naye Paolo akawa anaitikia, “Sì, mamma. Sì.”

Khamala alijifuta macho, akatoka taratibu, akasimama nje ya mlango ili jirani asije akawakatiza.